Yasiyosemwa kati ya Ruiru na Thika

Siku hizi ukitaja gereza la Kamiti, karibu na Ruiru, watu hukumbuka wafungwa wa kesi kubwa kubwa, au wale matapeli wanaopiga simu kutoka ndani ya seli wakidai wametuma pesa kwa makosa. Katikati ya miaka ya 1950 hapo palikuwa pia mahali pa kuwafungia wanawake wa Mau Mau, uasi dhidi ya utawala wa Waingereza. Mwishoni mwa mwaka 1954 aliletwa Mwingereza mmoja, Eileen Fletcher, awe ofisa wa kuwarekebisha. Alikuwa mfuasi wa Kanisa la Marafiki, dhehebu ambalo Waluhya wa Kaimosi wanalijua vizuri. Alifanya kazi miezi michache, akajiuzulu, akarudi kwao. Mwaka 1956 akaandika katika gazeti la Peace News kwamba huko Kamiti aliwakuta wasichana wa miaka 11 na 12 wamehukumiwa kifungo cha maisha.

Bunge la London liliwaka moto. Barbara Castle na wenzake wa chama cha Labour walimkalia kooni Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd. Serikali ilijibu kwamba wasichana hao walikuwa na umri mkubwa kuliko alivyodai Bi Fletcher. Basi mjadala ukawa wa hesabu: huyu ana 11 au ana 14? Ndivyo jambo zito linavyozimwa mahali ambapo kulinyamazia kumeshindikana. Linageuzwa suala la makaratasi.

Aliyoyasema mgeni huyu gazetini, wenyewe hawakuyasema majumbani mwao kwa karibu miaka 50. Katika ukanda huu wa kahawa na mananasi, kutoka Ruiru kupitia Juja hadi Thika, kimya kilikuwa na tabaka tatu: kiapo, mwili na ardhi. Mbili zimefunuliwa kwa kiasi fulani. Ya tatu bado.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo iliyozaa mengine. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Karibu na wakati huo wakaja wazazi wa Elspeth Huxley kutafuta utajiri wa kahawa, na binti yao, aliyekuwa mtoto mdogo, baadaye aliandika The Flame Trees of Thika. Ni kitabu kitamu, sitakataa. Ndani yake Wakikuyu wapo, wanachekesha, wanachunga, wanaaga. Suala la nani alikuwa akilima pale kabla ya jembe la baba yake halimkoseshi mtu usingizi. Kwa Wakikuyu ardhi ilikuwa ya mbari, yaani ukoo uliolifungua shamba kwa shoka. Asiye na mbari karibu aliomba pa kulima, akapewa, akaitwa muhoi. Hakuwa na cheti wala hakukihitaji, kwa kuwa haki yake ilikaa katika vinywa vya wazee: fulani alikaribishwa na fulani, pombe ikanywewa, majirani wakashuhudia. Walowezi walipochukua nyanda za Thika na Ruiru, wengi walibaki hapohapo kama maskwota, wakivuna kahawa ya bwana ili waruhusiwe kupanda mahindi yao kwenye kipande kidogo, huku kipande kingine, cha chuma, kikining'inia shingoni.

Kiapo cha umoja kilipoanza kusambaa mwishoni mwa miaka ya 1940, kilitumia lugha ambayo kila Mkikuyu aliielewa bila kutafsiriwa. Upinde wa majani ya migomba, nyama ya mbuzi, damu, kuhesabu hadi saba, namba ambayo wazee waliiogopa kuitamka ovyo. Uzito wa kiapo ulikuwa katika sharti moja: ukisema, kitakuua. Mume alikula kiapo bila kumwambia mkewe, na pengine mke alikuwa amekula wiki mbili kabla, naye ananyamaza. Watu wanaolala kitanda kimoja walifichana siri ileile.

Waingereza nao walipata habari za viapo, wakashtuka kwa namna yao. Baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, ripoti zilianza kwenda London zenye maelezo ya viapo vya ngazi za juu, maelezo yaliyoonekana machafu mno kuchapishwa kwa watu wote. Wakubwa waliyasoma faraghani, na umma ukaachiwa kubuni. Uvumi ulifanya kazi kubwa kuliko ushahidi. Mtu aliyeaminiwa kwamba anajua pande zote mbili alikuwa Louis Leakey, mwana wa mmisionari, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kukisema Kikuyu kama mwenyeji. Serikali ilimtumia kama mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Wakili wa washtakiwa, D. N. Pritt, alimpinga vikali, akisema mkalimani huyu ana upande wake, na Leakey akaondoka. Pritt alikuwa na hoja: mtu anayeshika neno lako akalibeba hadi upande wa pili anaweza kukuokoa au kukutia kitanzi, nawe husikii anachosema. Kumbuka jambo hili la mkalimani, tutakutana nalo tena London.

Juni 1954 serikali iliamuru Wakikuyu, Waembu na Wameru wahamishwe kutoka maboma yao yaliyotawanyika wakarundikwe vijijini, ndani ya mahandaki na nyaya za miiba. Zaidi ya watu milioni moja waliingizwa katika vijiji 800 na ushei. Walinzi wa vijiji hivyo, homugadi, walikuwa majirani, binamu, wakati mwingine ndugu wa tumbo moja. Hapo ndipo kidonda kilipoingia ndani ya nyumba. Na hata kabla ya vijiji hivyo, usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kule Lari, upande wa pili wa Kiambu, familia za homugadi zilichomwa na kukatwakatwa, na kabla ya jua kuchomoza na siku zilizofuata vyombo vya serikali vikalipiza kwa kuua watu wengi zaidi. Mgogoro wa Lari nao chanzo chake kilikuwa ardhi. Baada ya Lari hakuna aliyeweza kusimulia mwanzo wa habari bila kumgusa mtu aliyeketi karibu naye kanisani.

Yaliyofanyika kwenye kambi za mahojiano nitayasema kama walivyoyasema wenyewe baadaye mahakamani, bila kuongeza chumvi. Jane Muthoni Mara alikuwa msichana wa miaka kama 15 alipokamatwa kwa kuwapelekea chakula wapiganaji. Walimwingiza chupa yenye maji ya moto, na ofisa aliyekuwa akisimamia akaisukuma kwa buti. Paulo Nzili, Mkamba, alihasiwa kwa koleo kubwa za kuhasia mafahali. Wambugu wa Nyingi alikaa kizuizini miaka kama tisa, na tarehe 3 Machi 1959 alikuwa kambi ya Hola siku walipopigwa wafungwa hadi 11 wakafa. Alizirai, akatupwa pamoja na maiti wakidhani naye amekwisha.

Na mambo haya yalikuwa mwiko kwa Waingereza vilevile, ila mwiko wa aina nyingine. Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring barua kuhusu nguvu inayotumika kambini. Ndani yake alisema kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi wazitende kimyakimya. Mtu anaweza kusoma vitabu vingi kuhusu adabu ya Waingereza asipate maelezo mafupi kama hayo. Mkikuyu alinyamaza kwa kuogopa kiapo na kwa aibu ya mwili wake. Mwingereza alinyamaza kwa kuogopa Bunge lake.

Wakati huohuo kimya cha tatu kilikuwa kinaandikwa kwenye vitabu vya sheria. Chini ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vya mashamba vilikusanywa vikawa shamba moja moja lenye mpaka na hati miliki. Kazi hii ilikwenda kasi katika Kiambu na Murang'a, iliyoitwa Fort Hall, kuanzia katikati ya miaka ya 1950, yaani wakati maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini. Waliokaa kwenye kamati za kugawa walikuwa wale waliobaki: machifu, homugadi, wazee watiifu. Muhoi hakuwa na pa kusimama. Haki yake ilikaa katika vinywa vya wazee, na wazee wengine walikuwa kwenye kambi ya kizuizini ya Manyani, wengine ya Mackinnon Road, wengine kaburini. Wapo walionyang'anywa wazi kwa sheria ya mwaka 1953 ya kutaifisha mashamba ya waasi. Wengi zaidi walipoteza kwa kutokuwepo tu.

Ili kazi isikwamishwe na kesi, mwaka 1957 ikatungwa sheria ya kusimamisha mashauri ya ardhi katika mahakama za Waafrika mahali ambapo ugawaji unaendelea. Kwa maneno mengine, kulizungumzia shamba lako mbele ya hakimu kulipigwa marufuku. Upande wa Fort Hall, ng'ambo ya mto Chania ukiwa Thika, hila zilizidi kiasi kwamba sehemu kubwa ya ugawaji ilibidi ifutwe na kuanzwa upya. Walau huko makosa yalikubaliwa. Kwingine muhuri uligongwa mara moja.

Waliporudi kutoka kizuizini walikuta nini? Shamba lina mwenyewe, na mwenyewe ana karatasi. Wengine walirudi kwenye kahawa ya walowezi. Wengine waliingia Thika, mji uliokuwa ukijengwa viwanda, wakapanga vyumba Majengo na Makongeni, au wakajibanza Kiandutu. Mashariki ya mji, kwenye barabara ya Garissa, upo mtaa unaoitwa Landless, yaani wasio na ardhi, na utingo wa matatu hulitangaza jina hilo kwa sauti kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane bila haya yoyote. Mimi huona hilo ni jambo la ajabu katika eneo ambalo neno la nani alimpokonya nani shamba halitajwi hata kwenye matanga. Leo huko Landless kuna nyumba za ghorofa na mabango ya kuuza ploti.

Uhuru haukufungua midomo. Septemba 1962, akiwa Githunguri hapohapo Kiambu, Kenyatta aliwaambia watu kwamba Mau Mau ulikuwa ugonjwa, umeshaondolewa, na haupaswi kukumbukwa tena. Mtu anaweza kumwelewa. Alikuwa na nchi ya kuunganisha, na baraza lake lingekuwa na watu waliokaa kizuizini pamoja na watoto wa machifu. Lakini waliosikia maneno hayo wakiwa hawana shamba waliyasikia kwa sikio lingine. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki kwenye vitabu. J. M. Kariuki, aliyechapisha kumbukumbu zake za kizuizini mwaka 1963, alizidi kupiga kelele kuhusu nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Machi 1975 mwili wake ulipatikana vichakani kwenye milima ya Ngong.

Kisha kiapo kikarudi, safari hii kikiwa cha wenye serikali. Tom Mboya alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, malori na mabasi yalianza kuwabeba Wakikuyu kwenda Gatundu, kwenye vilima vilivyo juu ya Thika na Ruiru, kuapa kwamba uongozi hautatoka nyumba ya Mumbi, yaani mikononi mwa Wakikuyu. Ulichoambiwa ni kwamba unakwenda kunywa chai. Waliokataa walipigwa, na Wakristo wa Kipresbiteri na wa Kianglikana ndio walioumia zaidi. Henry Okullu, mhariri wa gazeti la makanisa la Target, aliandika waziwazi kulipinga jambo hilo. Angalia aliyesema: Mjaluo, kwa Kiingereza, katika gazeti la dini. Ndani ya jamii yenyewe hadi leo ukiuliza kuhusu chai ya Gatundu, mzee atakuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani.

Wanawake ndio waliotangulia kuvunja kimya cha mwili. Muthoni Likimani alitoa mwaka 1985 kitabu kuhusu wanawake wakati wa hali ya hatari, akakipa jina la namba ya pasi, Passbook Number F.47927. Alisimulia mengi kwa kuzunguka, kama mama anavyosimulia mbele ya wageni. Mwaka 1998 Wambui Waiyaki Otieno hakuzunguka. Huyu ni mwanamke ambaye nchi nzima ilimjua kwa kesi ya mwaka 1987, alipogombana na ukoo wa marehemu mumewe, S. M. Otieno, kuhusu wapi azikwe. Alishindwa, Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Katika kitabu chake Mau Mau's Daughter aliandika kwamba alipokuwa kizuizini Lamu alibakwa na ofisa Mwingereza, na akazaa. Aliandika kwa Kiingereza, kitabu kikatolewa Marekani. Sidhani ni bahati tu kwamba sentensi hizo zilipita kwanza kwenye lugha ambayo mama mkwe asingeisoma.

Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki iliondoa marufuku ya Mau Mau, miaka 40 baada ya uhuru. Sasa wapiganaji waliweza kusajili chama. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Gitu wa Kahengeri, aliyewahi kuwa mbunge wa Juja, kwa hiyo mtu wa ukanda huu huu. Chama hicho pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika lisilo la serikali, walianza kukusanya ushahidi kijiji kwa kijiji. Hebu fikiria kazi yenyewe. Kijana mwenye kalamu anamuuliza bibi wa umri wa shosho wake walimfanya nini. Kwa desturi swali hilo lenyewe ni tusi. Mzee aliyehasiwa hakuwahi kuwaeleza watu kwa nini hana mtoto wa kumpa jina la baba yake, na kwa Wakikuyu na Wakamba jina hilo ndilo linalomfanya mtu asife kabisa.

Juni 2009 kesi ilifunguliwa London kwa msaada wa mawakili wa Leigh Day. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwanza kwamba dhima yote ilirithiwa na Kenya huru. Wakati kesi ikiendelea, ilibidi ikiri kwamba ina majalada kama 1,500 yaliyosafirishwa kutoka Nairobi uhuru ulipokaribia na kufichwa miaka yote hiyo katika jengo la Hanslope Park. Historia zilizoandikwa na Caroline Elkins na David Anderson, ambazo watu wengine walizidharau, zilipata uti wa mgongo wa karatasi.

Julai 2012 wazee watatu waliingia Mahakama Kuu ya London: Nzili, miaka 85, Nyingi, 84, na Bi Mara, 73. Waliulizwa kwa Kiingereza, wakajibu kwa mkalimani. Tunarudi kwa yule mkalimani wa Kapenguria, ila kazi yake imegeuka. Bi Mara alipotamka kwa lugha yake lile alilofanyiwa, neno zito lilimtoka likaingia mdomoni mwa mtu mwingine, likafika kwa jaji likiwa jepesi kidogo, na huko ukumbini hakuwamo mkwe wake wala kijana wake wa kiume. Naamini umbali huo ulimsaidia. Mwiko una wenyewe, na wageni hawamo. Wakili wa serikali, Guy Mansfield, aliwaambia kwamba serikali haipingi kuwa waliteswa na maofisa wa koloni. Alilibana swali kwenye muda uliopita. Oktoba mwaka huo Jaji McCombe aliamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa kwa haki, kwa kuwa nyaraka zipo tele.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni akasema serikali inasikitika. Wakenya 5,228 wangelipwa, na jumla ilikuwa pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za mawakili. Sanamu ya kumbukumbu ilizinduliwa Uhuru Park mwaka 2015. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao, wakiwemo waliohamishiwa vijijini kwa nguvu. Novemba 2018 ikatupwa. Jaji aliona miaka imepita mingi mno.

Hakuna hata moja ya kesi hizo iliyogusa shamba la mtu. Haikuwezekana. Waliochukua hawakuwa London; walikuwa Kiambu, Thika na Murang'a, na watoto wao walisoma shule moja na watoto wa walionyang'anywa. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ilipotungwa mwaka 1963, kifungu cha 143 kiliruhusu mahakama kurekebisha daftari la ardhi pale usajili ulipopatikana kwa ulaghai au kwa makosa. Kiliacha aina moja tu: usajili wa kwanza. Hati iliyotolewa mara ya kwanza wakati wa hali ya hatari, hata kama ilipatikana kwa kumzunguka mtu aliyekuwa Manyani, haikuguswa. Wazee waliokwenda kulalamika kwa mawakili wa Thika walisomewa kifungu hicho wakarudi nyumbani.

Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mwaka uleule wa akina Nzili kusimama London. Kifungu cha 80 cha sheria mpya kinazungumzia usajili wowote, bila kuutenga ule wa kwanza. Mlango ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1957, ila muhoi aliyefika sasa, au mjukuu wake aliyepanga chumba Landless, bado ana Sheria ya Ukomo wa Mashauri mbele yake. Hiyo humpa mtu miaka 12 ya kudai shamba, kuanzia siku aliyolipoteza.